Muko na Batoto Bangapi?

Mujukuu wangu Espoir alikuja kunisalimia juzi, akakunywa chai yangu yote, kisha akasema yeye na muchumba wake wanatafuta studio. Nikamuuliza studio iko nini. Akasema: chumba kimoja, choo ndani, jiko mu pembe, dirisha inaangalia ziwa.

"Kumbe," nikamwambia, "ile yenye sisi tulikuwa tunaita chumba kimoja."

Alicheka, lakini si sana. Kwa bei waliyomutajia, zamani ungepanga nyumba nzima na uwanja wa kupanda maharagwe, na mwenye nyumba angekuletea mbegu.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Masomo niliacha nikiwa mutoto, na mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia za Kadutu, lakini unafika. Ninyi vijana wenye kutafuta nyumba hapa Bukavu, kaeni chini, wekeni simu kando, msikilize. Miaka mingi mimi nilikuwa komisionere, yaani mutu anayezunguka muji akitafutia wapangaji nyumba, na kutafutia wenye nyumba wapangaji. Ni kazi ya wanaume wanaosimama kando ya barabara na funguo za watu wengine mifukoni. Mimi nilikuwa kati yao na kitenge changu, na funguo nilizifunga kwenye pindo. Najua mnavyotusema. Mnasema komisionere ni mwongo. Si kweli. Komisionere hasemi uongo. Anakuonyesha nyumba mu kiangazi, basi.

Kwa hiyo somo la kwanza, na silipishi: nyumba ya Bukavu iangalie mvua ikinyesha. Vaa viatu vibaya, funika kichwa, nenda. Mutasema mvua itawaharibia nywele. Nywele zitakauka. Ukuta hautakauka.

Hii kazi alinifundisha Muzee Ramazani, mutu wa Uvira. Wazee wake walikuja na biashara kutoka pwani, na yeye alikuwa na kofia yake nyeupe na Kiswahili chake cha kunyooka, hata akikutukana ulisikia kama anakubariki. Mimi nilikuwa ninauza ndizi mbivu kando yake. Siku moja akanitazama, akasema:

"Bibie, wewe na hilo beseni lako unaingia katika kila ua wa mji huu. Mimi naishia mlangoni. Acha ndizi, njoo tufanye kazi."

"Na ndizi zangu?"

"Tutazila."

Na kweli alizila, yeye mwenyewe, karibu zote. Kisha akanifundisha: habari ya nyumba usimuulize mwenye nyumba, yeye anaipenda. Muulize jirani. Na jirani usimuulize habari ya nyumba, muulize kitu kingine. Nilifikiri muzee ameanza kuzeeka kichwa. Lakini nilienda kwa mama mumoja pale Cimpunda, nikamuuliza makala, makaa ya kupikia, ananunua wapi. Akasema, "Makala? Nitayaweka wapi? Mvua ikinyesha, maji ya hii nyumba ya juu inaingia mu jiko yangu, masufuria inaogelea." Nikasema aksanti mama, nikaondoka. Nyumba ya juu haikuwa na mufereji. Nilikuwa nimeijua bila kuingia.

Hapa kwetu jirani wa juu ni mukubwa kuliko mwenye nyumba. Maji yake, takataka zake, ugomvi wake na bibi yake, vyote vinateremka kwako. Kabla hujauliza bei, panda kwanza ukamusalimie. Akikusalimia vizuri, rudi uangalie choo. Choo ndiyo ya kwanza, saloni, yaani sebule, ya mwisho. Ninyi mnaanza na saloni, mnapiga picha, mnatumiana. Tena mukikuta rangi mupya imepakwa ukutani mpaka kwenye kiuno tu, msiseme "oh, wamepaka rangi". Ile nyumba ilikunywa maji mpaka kiunoni. Kama ni nyumba ya mbao, angalieni jiko la jirani liko wapi, maana moto haupigi hodi. Na ziwa! Ziwa ni muzuri, mimi mwenyewe ninalipenda. Lakini nimeona wapangaji wengi wanaliangalia kwa dirisha asubuhi, wameshika bidoni tupu, dumu la maji, wakiuliza maji ya kunawa uso yatatoka saa ngapi.

Msifikiri nilijua haya yote tangu mwanzo. Nilipata sentinele mumoja, mulinzi, mutu wa kulala muchana. Aliniomba kitu kimoja tu, mahali penye kutulia. Nikamupeleka Jumanne kwenye nyumba moja huko Panzi. Kulitulia mpaka unasikia kuku anakwaruza. Akalipa garanti, ile pesa ya mbele ya kushika nyumba, akaingia. Juma halijaisha akanirudia, macho yamekuwa mekundu kama pilipili.

"Maman Nsimire, si ulisema kule kunatulia?"

"Kunatulia."

"Kunatulia siku ile tu ulinileta!"

Kumbe nyuma ya ukuta kulikuwa kanisa ya mbao, na maombi yalikuwa kila muchana, na mikro ya kukuza sauti, na ngoma, na pasta mwenye kifua. Siku ile ya Jumanne groupe yao, mashine ya umeme, ilikuwa imekufa, na maombi hayakufanyika. Nilimutafutia ingine karibu na makaburi. Akaniangalia. Nikamwambia, "Papa, hawa hawana mikro." Alikaa pale muda murefu sana, akanenepa.

Sasa niwaambie muji ulivyobadilika, maana mengine mnanilaumu mimi. Zamani mwenye nyumba aliuliza, "Ninyi ni watoto wa nani?" Ukitaja mababu wako, mukikutana kwenye babu mumoja, umepata nyumba. Kisha vijijini kukawa na vita, watu wakateremka kutoka Walungu na pande za Minova, na kila mutu alikuwa na ndugu mu muji, na kila ndugu alikuwa na uwanja. Penye kulikuwa mugomba wa ndizi pakawa chumba. Penye kulikuwa chumba pakawa vyumba viwili na pazia katikati. Wakaja na watu wa ma-ONG, mashirika ya misaada, wakalipa nyumba za Nguba na Muhungu bila kuuliza bei mara mbili, na wenye nyumba wa Kadutu wakasikia, nao wakaota ndoto. Swali likageuka. Ikawa: "Unafanya kazi wapi?" Baadaye, vyumba vilipozidi kubana, likaja lile swali ambalo makomisionere wote waliliogopa.

"Muko na batoto bangapi?"

Mu Bukavu! Kuuliza mama wa Bukavu ana watoto wangapi ni kama kumuuliza ana nywele ngapi. Tena sisi watoto hatuhesabu kama mbuzi, tunawataja. Basi makomisionere tulikuwa na dawa yetu. Siku ya kwenda kuonwa na mwenye nyumba, tuliwafundisha wateja: njoo na watoto wawili, wale wenye kujua kunyamaza. Wengine wabaki kwa majirani. Ukishaingia, watafika polepole. Leo huyu ni mutoto wa dada yangu, amekuja kutusalimia. Kesho yule amekuja juu ya masomo. Mwenye nyumba akishtuka, wote wameshajua jina la mbwa wake.

Na hapo ndipo ninataka kuwaambia habari ya Maman Faida.

Maman Faida alikuwa anapanga Kadutu, nyumba ya mbao na mabati, kwenye kanjia kale, njia nyembamba ya ngazi za udongo yenye kuteremka kutoka soko. Bwana yake alikuwa kazini mbali, porini. Yeye aliuza samaki wa kukauka, akalea watoto, na akakaa na mama ya bwana yake, Koko Cibalonza, yaani nyanya ya wale watoto, mwenye macho yake yalikuwa yamezima zamani. Siku moja mwenye uwanja akauza. Mununuzi alitaka kujenga ghorofa, na mawe ya musingi yakaanza kuwekwa mbele ya mulango wao hata kabla hawajaondoka. Maman Faida alikuja kwangu.

Nilipata nyumba haraka, upande wa Bagira. Bei nafuu, maji karibu, jirani wa juu mutu muzuri. Nikampeleka. Akazunguka, akagusa ukuta, akasimama mulangoni.

"Nyumba ni muzuri, Maman Nsimire."

"Basi?"

"Koko atapotea."

Nikamwambia mama, Koko ana watoto wa kumushika mukono. Akatikisa kichwa. Koko hapendi kushikwa mukono. Pale Kadutu anatembea peke yake, anaenda misa, anaenda kumuona rafiki yake, anarudi. Njia hiyo anaisikia mu sauti. Mama wa mikate akimwambia "Jambo Koko", anajua amefika kwenye kona. Fundi viatu akikohoa, anajua ngazi iko mbele. Kila mutu kwenye kanjia kale anamusalimia, na kila salamu ni alama.

"Ukimuleta hapa," Maman Faida akasema, "hakuna sauti anayoijua. Atakaa mu kitanda mpaka siku ya kuzikwa."

Basi ilikuwa hivyo. Ama nyumba kwenye kanjia kale kale, ama yule mama mwenye kutembea na fimbo yake kama mufalme afungwe mu chumba. Na kwenye kanjia kale nyumba ya kupanga ilikuwa moja tu, kwa Maman Odile.

Maman Odile alikuwa mujane, mutu wa misa ya kila asubuhi, uso kama mulango wa komeo. Makomisionere wanaume walikuwa wanazunguka uwanja wake kwa mbali. Alikuwa amefukuza wapangaji wengi kwa kichwa tu, hivi, hata bila kusema. Na swali lake ilikuwa lile.

Maman Faida alikuwa na watoto munane.

Nikapanga mambo yangu. Tutaenda na Neema, mutoto mwenye adabu, na Merci, yule wa kubebwa mugongoni. Wengine wote watakaa mu uwanja wa mama wa mikate, huko juu kidogo, na atakayechungulia nitamutoa masikio. Maman Faida nikamufundisha: akiuliza wangapi, jibu "Mungu alitubariki." Huo si uongo, na si hesabu. Yote tayari. Kisha Koko Cibalonza akachukua fimbo.

"Koko unaenda wapi?"

"Nyumba gani nitalala ndani bila kuigusa?"

Nikaona afadhali. Muzee akiingia analeta heshima. Tukashuka.

Maman Odile alitupokea, akatupa viti, akaangalia viatu vyetu, akaangalia kucha za Neema. Koko alikuwa anapapasa ukuta polepole kama mutu anayechagua kitenge. Tukaongea habari ya maji, ya usafi, ya nani atafagia ngazi. Ilikuwa inaenda vizuri mpaka nikaanza kusikia njaa, na mimi njaa inakuja wakati kazi imekaribia kuisha.

"Muko na batoto bangapi?"

"Mungu alitubariki, Maman," Maman Faida akasema.

"Mungu anabariki bantu bote. Miye ninauliza hesabu."

Maman Faida akaniangalia. Neema akaniangalia. Hata Merci huko mugongoni aliniangalia. Basi nikapata akili, na nilijisifu sana kwa hiyo akili, kwa muda mufupi.

"Maman Odile," nikasema, "sisi ni Wakristo. Mbele ya kuongea mambo ya nyumba, juu ya nini hatukuomba kwanza?"

Nilijua mutu wa misa ya kila asubuhi hawezi kukataa. Nilifikiri nitaomba mimi, sala ndefu, nimutaje marehemu bwana yake, alie kidogo, asahau swali. Maman Odile akafanya ishara ya musalaba.

"Unasema kweli. Na hapa mukubwa ni Koko. Koko, tuombee."

Koko Cibalonza akaegemeza fimbo, akainua uso.

"Baba Mungu, aksanti juu ya hii nyumba na mama mwenyewe. Ukuta wake ni mukavu. Aksanti. Sasa ninakuletea bajukuu yangu. Faida, ule wa kwanza, kifua yake inamusumbua na vumbi, umuponye."

"Amina," nikasema.

"Bado. Bahati, Baba, anacheza mupira, anavunja vioo ya bantu, umusamehe, miguu ni yake lakini akili ni ya babu yake. Gloire, amefika mukubwa hivi na anakojolea kitanda. Saidia Gloire."

"Amina!" nikasema kwa nguvu.

"Maman Nsimire, acha nimalize. Riziki, anasoma vizuri, umupe kalamu. Baraka na Mapenzi, banapigana kutoka asubui, ubagawe. Neema huyu, Merci huyu. Na bale tuliacha kwa mama ya mikate, Baba, bakae kimya vile balifundishwa, basisumbue bantu. Amina."



Nilifungua jicho moja. Maman Odile alikuwa amekunja vidole vyake mbele ya kifua, kimoja kimoja. Vidole viwili tu vilikuwa vimesimama.

"Munane," akasema. "Babili beko hapa. Sita beko kwa mama ya mikate."

Nikaanza kukusanya kitenge changu. Maman Faida alikuwa ameshasimama, ameshika mukono wa Koko, na Koko ameutoa mukono wake. Nilikuwa ninafikiria Bagira, na kile kitanda.

"Mukae," Maman Odile akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Weye komisionere. Unafikiri miye ninachukia batoto?"

Kuna maswali mutu mwenye akili anayaacha yapite.

"Kuya."

Akatupeleka nyuma ya nyumba, akafungua mulango wa choo. Siwaelezi, mnakula. Shimo lilikuwa limejaa mpaka karibu na mudomo. Gari la kuvuta choo haliwezi kuteremka kanjia kale, hata pikipiki inashuka ikilia. Kwa hiyo likijaa, ni watu wanalichota na bidoni, muchana kweupe, mbele ya majirani wa chini ambao tayari wanaziba pua.

"Mupangaji wa mwisho alisema beko batatu," Maman Odile akasema. "Balikuwa kumi na moja. Weye unaweza kunidanganya miye, Maman Nsimire. Choo haudanganye. Choo inahesabu."

Koko Cibalonza akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama," akasema, "si useme tu! Hawa bajukuu yangu benye kuvunja vioo, beko na mikono. Bachimbe."

Maman Odile akamwangalia huyu muzee asiyeona. Nilifikiri atakataa kwa kichwa. Akaniuliza kama ninajua fundi wa kusimamia shimo, asidanganye urefu. Nikasema ninajua. Akasema shimo mupya ikiisha ndipo waingie, na bei ya ile kazi ataipunguza mu garanti. Tena akasema wachimbe chini ya mugomba, mbali na ukuta, na wasiuguse muparachichi wake.

Jumamosi walifika wote, wale waliofichwa siku ile, wameshika majembe kama jeshi. Bahati alichimba kuliko fundi. Baraka na Mapenzi walipigania koleo moja. Na mimi, komisionere muzima, nilipewa beseni, nikabeba udongo. "Si ulikuwa unauza ndizi?" Maman Odile aliniambia. "Beseni unaijua."

Toka hapo wateja wangu niliwaambia wataje watoto wote, na wao wenyewe waulize shimo lina urefu gani. Msifikiri kila mwenye nyumba alifurahi. Wengi walitufukuza, na makomisionere wenzangu walinicheka kwamba ninatembeza wapangaji na ukoo muzima nyuma kama msafara wa harusi. Lakini walioingia, walikaa. Ninyi leo mnasaini, mnaingia, kabla hamujafungua masanduku mumeshaanza kutafuta ingine. Nyumba imekuwa kama soksi.

Siku ya kuhama, watoto walibeba mbao za kitanda na masufuria. Koko alikataa mukono wangu. Alishuka na fimbo yake peke yake, polepole. Mama wa mikate akamwambia jambo, fundi viatu akakohoa, na mwenye kuuza sabuni akamuuliza kama amekuwa bibi-harusi, anahamia kwa nani. Alijibu kila mutu. Lakini alipopita penye alizoea kugeuka, akaingia kwenye kipande kile cha mwisho kilichokuwa hakina sauti, akasimama. Fimbo ikagusa hapa, ikagusa kule. Sisi wote tukanyamaza, kwa ujinga, ndiyo kitu kibaya kuliko vyote tungeweza kufanya.

Ndipo Maman Odile akasema kutoka mulangoni pake, kwa ile sauti yake kavu:

"Jambo, Koko. Mulango iko kushoto."

Koko akageuza uso.

"Ni weye mwenye nyumba?"

"Ni miye."

"Basi kila siku utanisalimia hapo, nijue nimefika."

"Koko, hiyo haikuwa mu kontra ya nyumba."

"Sasa imeingia."

Na imebaki. Magoti yangu yamechoka, kazi nimeacha, lakini ninapanda kule mara mojamoja kumuona Koko. Kodi imepanda kwa Maman Odile kama kwa wote, na wao wanagombana kama watu wanaokaa uwanja mumoja. Juma lililopita nilikuwa pale, nikasikia fimbo inakuja kutoka misa. Maman Odile, amekasirika na Maman Faida juu ya sijui nini, aliacha sufuria yake motoni, akatoka mulangoni, akapiga kelele hata kanjia kote kakasikia:

"Jambo, Koko! Kushoto! Na umuambie muke ya mutoto yako, miye na yeye hatuongee!"